Moto ulizimwa dakika arobaini, mbao zikanitesa miezi mitano

Moto wenyewe sina mengi ya kusema. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, umeme ulikatika toka jioni ukarudi kama saa nane usiku, na kule stoo kulikuwa na friji limechomekwa kwenye ekstensheni ambayo nayo imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, ndo hivyo. Nilishtuliwa na harufu ya plastiki nikadhani kuna jirani anachoma taka usiku usiku, kufungua mlango wa korido naona wekundu juu ya mlango wa stoo. Watoto nikawatoa kwa mlango wa mbele, majirani wakaja na ndoo na mchanga, mmoja akawahi kuzima meni swichi, mwingine akapiga 114, zimamoto walipofika wakamalizia. Toka nione ule wekundu mpaka moto kuisha ni kama dakika arobaini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah.

Ninachotaka kuongelea ni kilichofuata, maana moto ulinichoma usiku mmoja ila paa lilinichoma mpaka Julai, na sehemu kubwa nilijitakia mwenyewe.

Nyumba iko Chanika, tofali za bloku, vyumba vitatu, sebule, jiko na hiyo stoo nyuma. Paa ni bati geji 28 juu ya kenchi kumi na tatu, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, za mbao za paini zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, zinazotoka Mafinga. Nimeijenga miaka saba kwa mkopo wa kazini na pesa za kikoba, kwa hiyo mnielewe nikisema asubuhi ile nilikaa chini kwenye ndoo nikalia mbele za watu bila aibu. Kila aliyekuja kunipa pole alisema mama shukuru Mungu, nyumba ya tofali haiungui, kuta si zimesimama? Nami nikalishika hilo neno. Kuta zimesimama kweli, lakini kinachoshikilia paa juu ya vichwa vya wanangu ni mbao, na mbao zilikuwa zimekaa ndani ya moto.

Asubuhi hiyohiyo kuna kitu kilitakiwa kunifungua macho. Kama saa moja na nusu, moto umezimwa toka usiku, fishabodi ya nyuma, ule ubao wa ukingoni mwa paa, ikaanza tena kutoa moshi. Hakuna mwali wala nini, inafuka tu taratibu kwa ndani kama udi. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mbao za dawa ya CCA zina tabia hiyo, zikishashika moto huendelea kujila kimyakimya hata baada ya mwali kuzimwa. Kwa hiyo kama una mbao za dawa, siku mbili za mwanzo mtu azunguke kila baada ya masaa kadhaa kushika mbao kwa mgongo wa mkono, ikiwa ya moto imwagiwe maji tena. Na asipande juu. Ashike zile anazozifikia kwa ngazi iliyoegemea ukuta mzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi. Sisi wanawake ukitushtua tunashika fagio. Kufika saa nne nilikuwa nimeshatoa kila kitu stoo, nimefagia, nimemwaga maji, na picha nilizopiga ni tatu tu tena za kumtumia dada. Sikujua kwamba vile vitu vilivyokuwa chini ndo vingenisimulia moto ulikuwa mkali kiasi gani. Kulikuwa na sufuria la alumini juu ya shelfu limeyeyuka na kuganda ukutani kama uji uliomwagika, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, sasa fikiria mbao zilizokuwa mita moja juu ya hapo, wakati mbao huanza kugeuka mkaa kwenye kama nyuzi 300. Halafu palepale sakafuni karibu na mlango kulikuwa na ndoo ya plastiki nzimaaa, haijapinda hata mdomo. Mimi niliiangalia ile ndoo nikasema kumbe moto haukuwa mkubwa. Joto hukaa juu jamani, ndoo ya chini haijui lolote la darini.

Kosa la pili ni haraka. Masika ilikuwa inakuja, mawingu nayaona, watoto wako kwa dada yangu Ukonga na mimi nalala sebuleni na harufu ya moshi, mume wangu yuko kazini mkoani anapiga simu kila jioni na swali moja tu, nani alichomeka friji. Nilitaka paa lirudi. Akaja fundi, kijana mchangamfu, akapanda, akaangalia kama dakika kumi, akashuka akasema mama angu hapa kenchi mbili zimekwisha tunabadilisha, hizi tatu zimeungua juu juu tu, tunazipaka oili chafu zinarudi kama mpya, na mchwa hawasogei. Bei yake ya ufundi laki tisa. Nikaona huyu ndo wangu.

Kusema ukweli sio yeye peke yake aliyekosea. Kulikuwa na boriti ya inchi nne kwa sita juu ya uwazi wa kati ya jiko na sebule, ilikuwa imeungua mpaka imepasukapasuka kama ngozi ya mamba, inatisha, fundi mwenyewe alisema hii ina nguvu mama tuiache, mimi nikakataa katakata, nikasema siwezi kulala chini ya mkaa. Ikatolewa, nikanunua nyingine. Kumbe ndo ilikuwa na nafuu kuliko zote! Nimeitupa nzima nikabakiza mbovu, kwa sababu nilikuwa nachagua kwa rangi.

Na hapo kuna aibu nyingine lazima niiseme. Zile mbao zilizotolewa nilimpa jirani anayekaanga mihogo, nikajiona nimefanya la maana, kuni za bure. Siku ya nne mtoto wa dada yangu, anasoma uhandisi wa majengo, akaja kuniona akauliza mama mdogo zile mbao za kijani mmezipeleka wapi. Nikamwambia. Akashika kichwa. Hiyo dawa ya CCA ni shaba, kromu na aseniki, ambayo ni sumu, na ukiichoma, aseniki nyingine inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Ilibidi niende kuomba kuni nilizogawa, mtu mzima na kanga yangu, na majivu yaliyokuwa yamemwagwa kwenye mchicha tukayachota na udongo wake. Jirani alinielewa ila siku mbili tatu hatukuwa sawa. Ukitoa mbao za dawa zilizoungua usigawe kuni, usitie majivu bustanini, na unapofagia masizi yake funga barakoa na vaa glovu, si kitambaa cha pua kilicholoweshwa kama nilichovaa mimi.

Basi paa likarudi. Kufika katikati ya Machi nyumba imeezekwa, dari mpya ya jipsamu kwenye korido, nimepaka rangi, watoto wamerudi. Watu wakasema hongera.

Masika ikapiga. Wiki ya tatu ya Aprili mlango wa chumba cha watoto ukaanza kukwama juu. Nikajua ni unyevu, nikaurandisha. Mei jipsamu ya korido ikapata ufa kama unywele, nikaziba. Ufa ukarudi pembeni ya ule nilioziba. Na mchana jua likiwa kali ile harufu ya moshi ilikuwa inashuka toka darini kana kwamba moto umewaka jana, maana yale masizi tuliyafunika kwa oili, hatukuyatoa. Halafu siku moja natoka dukani, nikiwa barabarani nikainua macho nikaona mgongo wa paa langu umebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Miguu iliisha nguvu.

Safari hii nilitulia. Mama mmoja wa kikoba akanielekeza kwa mzee fundi, mtu wa Rufiji, wa zamani kidogo, bado anaita mbao za mteremko makombamoyo na zile za kupigilia bati anaita mapao, wakati mafundi wa sasa kila kitu ni kenchi na papi. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia mzee panda ukaone. Akakataa kupanda! Akasema mwanangu, paa nisilolijua sipandi, kwanza tulishike. Akaagiza mirunda kumi na miwili, akasimamisha chini ya zile kenchi kwa ndani, akakaza na kabari, ndo akaweka ngazi. Yule kijana wa kwanza alikuwa anatembea juu ya zile kenchi kama anatembea kibarazani, nikikumbuka mpaka leo nasisimka.

Alivyokagua nitaeleza kirefu kidogo maana hapa ndo kuna faida.

Alianzia barabarani, akaangalia mgongo wa paa na mstari wa fishabodi. Akarudi ndani akavuta uzi toka kenchi ya mwanzo mpaka ya mwisho, ya sita ilikuwa imeshuka sentimita nne chini ya uzi, ya saba tatu. Kisha akaomba tutoe bati nne za juu ya pale, na hilo ndo jambo ambalo mimi wala fundi wa kwanza hatukulifikiria. Moto ukifika kwenye bati hauna pa kwenda, unatambaa chini ya bati unalamba mbao upande wa juu, upande ambao ukiwa chini huuoni. Mapao yalikuwa mazima kwa chini na juu yamekuwa mkaa. Bati zenyewe za zamani alizitazama rangi, zile zilizopoteza mng'aro zikawa na kutu baada ya mvua moja tu, alisema hapo joto lilipita sana.

Halafu mbao moja moja. Anachukua tindo anakwangua mkaa mpaka mbao icheke, neno lake hilo, yaani mpaka uone rangi yake ya kawaida. Ukikwangua mkaa mweusi unakuta kwanza utando wa kahawia, mimi ningeishia hapo, yeye anasema hapana, hiyo kahawia imepikwa, haina kazi, anaendelea milimita kadhaa. Kilichobaki ndo anapima kwa futi, sehemu tatu za mbao ileile, kwa sababu moto hauli sawasawa. Namba ndogo kuliko zote anaiandika kwa chaki palepale kwenye mbao. Kisha anagonga kwa mpini wa nyundo, mbao nzima inalia kwa sauti kali, mbovu inajibu kama godoro. Kisha bisibisi, anaisukuma kwa uzito wa mkono tu.

Alipofika kwenye maungio ndo nilielewa nilikuwa nalala chini ya nini. Kwenye kenchi ya sita, mahali kombamoyo linapokutana na mbao ya chini, kwa nje paliungua kidogo tu, unaweza kusema pazima. Akashika kichwa cha msumari wa inchi nne kwa vidole viwili akauvuta. Ukatoka. Akanipa, akasema shika. Msumari ni chuma, unapeleka joto ndani ya mbao, kwa hiyo mbao inayouzunguka inageuka mkaa kwa ndani huku nje iko salama. Paa langu lote upande ule lilikuwa limesimama kwa misumari iliyokaa ndani ya mashimo ya mkaa. Kwa hiyo maungio kwanza, jamani, hata kabla ya mbao zenyewe.

Mtoto wa dada alikuwepo siku hiyo, akanipigia hesabu kwenye ubao wa jipsamu na hiyo ndo iliniingia kichwani. Chukua mbao ya mbili kwa nne, ni kama milimita 50 kwa 100. Moto ukila milimita 10 tu kila upande inabaki 30 kwa 80. Kwa macho unaona bado ni mbao. Lakini nguvu ya kubeba mzigo bila kuvunjika unaipata kwa kuzidisha upana mara kina mara kina tena, hivyo mwanzo ilikuwa 500,000 na sasa ni 192,000, hata asilimia 40 haifiki. Ya mbili kwa mbili ni mbaya zaidi, inabaki 30 kwa 30, inatoka 125,000 inaenda 27,000, robo haifiki. Na hapo tunasema mbao kamili, wakati sokoni ukipima mbili kwa nne mara nyingi inapungua tayari. Paini huliwa kama milimita 0.65 kwa dakika, dakika ishirini ni milimita 13, na moto wangu ulikuwa wa dakika arobaini ingawa haukukaa kila mahali muda wote.

Sasa ile boriti niliyoitupa. Kilikuwa bado kipande chake uani, wajukuu wa jirani wanakalia. Mzee akakwangua, akakuta moto umekula milimita 6 tu. Hesabu ileile, ilikuwa imebaki na karibu robo tatu ya nguvu zake. Mkaa wa nje ndo uliolinda ndani, mkaa haupitishi joto vizuri, na sisi tunaopika kwa mafiga tunajua, ukitia gogo jikoni usiku asubuhi ndani bado ni mti. Fremu za milango za mninga nazo zilikuwa nyeusi tii, zikapigwa randa zikarudi, moja tu ndo tulibadilisha bawaba.

Na kwa nini upande wa stoo uliharibika hivyo wakati juu ya jiko, hatua tatu tu, mbao zilikuwa na moshi basi? Stoo sikuweka dari. Nilibana pesa. Jiko lina jipsamu, na karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungika humo, moto lazima uyachemshe kwanza kabla ya kupita. Jipsamu ilianguka mwishoni lakini ilishanunua muda.

Linta, ile boriti ya zege juu ya mlango wa stoo, ilikuwa imegeuka rangi ya waridi kidogo chini ya plasta, hiyo kwa zege ni dalili kwamba joto lilifika nyuzi 300 au zaidi. Hiyo mzee hakuigusa, akasema tafuta injinia. Nilimlipa injinia laki mbili na nusu, akagonga kwa nyundo, akachokonoa mpaka nondo, akaamua kipande cha mita moja kivunjwe kimwagwe upya. Laki mbili na nusu hiyo ningeitoa Februari, kwa siku moja, angeniambia yote haya.

Kazi ilikuwa hivi. Kenchi ya tano, sita na saba zikatoka kabisa, pamoja na mapao yote ya upande ule. Ya nne na ya nane zilikuwa na madhara sehemu, hizo zikawekewa mbao pacha, yaani mbao nyingine inayobanwa ubavuni mwa ile ya zamani, na hapa mafundi wengi hudanganya, wanapiga kipande kifupi palipoungua tu. Mzee alitaka pacha ipite palipoungua pande zote mbili na kuingia kwenye mbao nzima karibu mita moja kila upande, ifungwe kwa bolti na washa, misumari iwe ya kushikilia tu. Oili tuliikwangua yote. Mbona mtu anapaka mafuta kwenye mbao iliyotoka kuungua, sijui tulikuwa tunafikiria nini.

Halafu tukasubiri, hilo liliniuma kuliko pesa. Mbao zilizobaki zilikuwa zimekunywa maji ya zimamoto, kisha mvua, kisha tukazifungia na jipsamu, ukungu mweupe ulikuwa umeshaanza. Wiki tano zilikaa wazi chini ya turubai lililoinuliwa pembeni hewa ipite, ndo tukafunga dari.

Jumla ya awamu ya pili ilikuwa milioni sita na laki nane na nusu, na kati ya hizo kama milioni mbili na laki moja ni kurudia nilichokuwa nimeshalipia Machi. Bima sikuwa nayo. Aliyenayo asiguse kitu mpaka mtu wa bima aje, na aombe ripoti ya zimamoto mapema, mimi niliiomba baada ya miezi miwili kwa ajili ya mkopo, nikazungushwa mpaka viatu vikaisha. Yule fundi wa kwanza nilimpigia. Akaja, akaona ule msumari, akakaa kimya, akarudisha laki mbili na siku mbili akafanya kazi bure chini ya mzee. Sina kinyongo naye, hakuna aliyemfundisha, na mimi nilimkimbiza.

Kwenye dari ya korido niliacha mlango wa sentimita sitini kwa sitini. Kabla ya kila masika napanda na tochi, mwanangu mkubwa anashika ngazi, navuta uzi toka mwanzo mpaka mwisho. Mwaka huu uzi ulikuwa umenyooka, bolti zimekaza, na kwenye kenchi ya nne namba ya mzee bado inasomeka, 41, kwa chaki nyeupe, na pembeni yake kuna shorewanda ameanza kujenga.